Kipande Kilichoitwa SARE

Nikianza kucheka peke yangu jikoni, wanangu wanajua nimekumbuka zile barua kumi na nne. Sasa nacheka. Siku yenyewe nilikaribia kuzirai.

Ilikuwa miaka ya themanini, nami karani katika kiwanda cha kushona nguo za kazi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mtaa wa Makongeni. Kompyuta zilikuwa ndiyo kwanza zimetufikia: skrini nyeusi, herufi za kijani, picha hakuna hata moja. Ukitaka kitu unaandika amri, unabonyeza, unangoja. Tulikuwa makarani wawili, mimi na msichana wa mtaa wa Kariobangi aliyekaa upande wa pili wa mashine ya kuchapisha. Mashine hiyo ilikuwa na kelele kushinda posho mill ya kusagia mahindi.

Fundi aliyetufungia kompyuta alitupa amri ya kugawana maandishi. Barua zetu zilifanana mno, kwa hivyo kila aya iliyorudiwarudiwa tuliihifadhi kwa jina fupi, tukaiita kipande. Unaandika GAWA, kisha jina la kipande, kisha namba ya mashine ya mwenzako, na kufumba na kufumbua kipande kiko kwake. Jamani, tulivyopenda kugawana. Tuligawiana aya za salamu na za kuaga, na bosi akitoka tuligawiana umbea: leo mzee amevaa soksi mbili tofauti. Asubuhi nilikuwa naenda kazini mbio, utadhani naitwa harusini.

Lakini kazi haikuwa yangu bado. Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi sita, na Jumatatu ya mwisho bosi angeamua kama nabaki au naenda. Mama alikuwa ameshakubaliana na shangazi yangu wa Mombasa kwamba nikikataliwa nitapelekwa kwake nikamsaidie kukaanga viazi karai. Shangazi nampenda, ila ana mdomo, na mimi nilitaka kompyuta.

Wiki moja kabla, kiwanda kilitafuta washonaji. Bosi alichagua sita na kuwakataa kumi na wanne. Barua alitaka ziandikwe kwa Kiswahili, mtu asije akasema hakuelewa. Mimi nilipewa wale sita. Nikaandika aya: "Karibu kazini. Fika Jumatatu saa moja asubuhi uchukue sare yako." Nikaihifadhi kwa jina SARE. Kwetu Ziwani tulilelewa na bibi, mtu wa Pwani, na nguo zetu za shule kwake zilikuwa sare, basi. Neno jingine sikulifikiria.

Mwenzangu alipewa wale kumi na wanne. Sasa, kwao Kariobangi nguo hizo ni yunifomu. Kusare, kwa Sheng yao ya mitaani, ni kuacha, kuachana na mtu au kitu. Alijua nina aya ya kuwakataa watu, maana nilikuwa nimeiandika mwezi uliopita, kwa jina SAMAHANI. Jina alikuwa amelisahau. Akapaza sauti juu ya kelele za mashine, "Nigaie ile ya kusare watu."

Mimi nikasikia sare za watu. GAWA SARE 2.

Hakuisoma. Aisome kwa nini, na mimi sijawahi kumpa kipande kibovu? Akaingiza majina, mashine ikachapa, bosi akatia sahihi huku anaongea na simu, barua zikaenda posta.

Jumatatu hiyo saa moja nilikuwa dirishani na chai yangu. Badala ya watu sita, getini walisimama ishirini. Viatu vinang'aa, na mama mmoja amekuja na mkasi wake, kaufunga kwenye leso. Nikahesabu mara mbili. Mwenzangu akatoa nakala ya barua, akasoma, akakaa sakafuni.

"Wewe, ni nini hii ulinipa?"

"Sare. Si uliomba sare?"

"Niliomba ya kusare."

Tukatazamana, na kicheko kikatushika, kile kibaya kinachokuja mahali pasipofaa. Nilicheka mpaka machozi, na huku nasikia harufu ya mafuta ya viazi.

Bosi akatukuta hivyo. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa Murang'a, mkimya. Nikamweleza yote: jina la kipande ni langu, na aliyegawa ni mimi. Mwenzangu akadakia, "Na ambaye hakusoma ni mimi, mzee." Bosi akatuuliza sare maana yake ni nini. Tukajibu kwa pamoja, kila mtu na lake. Akatoka, akaenda kiwandani.

Huko mtunza stoo alikuwa ameshaona sahihi ya bosi kwenye barua zao na kugawa ovaroli zote ishirini. Msimamizi, aliyekuwa akililia watu wa kumsaidia tangu mwezi uliopita, alikuwa ameshawakalisha kwenye vyerehani. Bosi alikaa nao nusu saa nzima. Nusu saa hiyo mimi nilipanga sanduku la Mombasa kichwani.

Aliporudi hakunitazama. Akamwambia mwenzangu, "Mwandikie huyu barua yake. Ile ile uliyowaandikia wale kumi na wanne."

Wale si ndio waliokataliwa? Nikachukua kikombe changu, nikachukua mkoba. Mwenzangu akanishika mkono, akaniwekea nakala mbele ya macho, kidole chini ya maneno mawili ya kwanza. Karibu kazini.

"Wanashona vizuri," bosi akasema. "Watabaki." Alikuwa ametupa mgongo, na mabega yalikuwa yanamtikisika.

Kipande chenyewe mwenzangu alikuwa amekifuta kwa hasira, kwa hivyo ilibidi nimgawie tena, mimi mwenyewe, kwa barua yangu mwenyewe. Nikalia, nikacheka, jina lile la herufi nne nikalikosea mara mbili. Mara ya tatu likaenda.