Dorah Nyatichi na Zamu ya Palizi

Zamani kule Suna, mtu aliyezidiwa na magugu alipeleka habari jioni na kulipopambazuka majirani ishirini walikuwa shambani kwake na majembe yao. Siku hizi anatumiwa pole kwa simu.

Sisi Wakisii tuliohamia kule tuliita kazi hiyo risaga. Leo kwako, kesho kwangu, na malipo ni uji. Mwaka niliovunjika nyonga niliita risaga. Walikuja watu wawili, na mmoja wao alitaka kujua kama shamba linauzwa. Sikulitaja neno hilo tena, na sikulisikia tena, mpaka siku Dorah Nyatichi alipowatamkia watoto wa mpira.

Dorah ni muuza ndizi, jirani yangu wa Suna, mjane, Msabato asiyewasha hata jiko siku ya Jumamosi. Shuleni alicheza mpira na wavulana kwa sababu wasichana hawakutosha kuunda timu. Mwaka jana mwanawe Omosa na wenzake walianzisha timu ya watoto wa chini ya miaka kumi na tano, wakaenda Ndhiwa, wakafungwa saba bila. Nilikuwapo. Walikimbilia mpira wote kwa pamoja kama kuku waliotupiwa mahindi, kisha wakarudi nyumbani wakitukanana njia nzima. Wakamwomba Dorah awafundishe, maana hakuna mwanamume aliyetaka aibu ile.

Hakuwapa mpira. Alisema, "Twendeni risaga," akawapeleka kupalilia kwa mama yake nahodha wao, Willis. Kila mmoja alipewa mstari wake. Aliyemaliza mapema hakuruhusiwa kukaa. Alivuka kumsaidia aliyebaki nyuma, kisha akarudi kwake. Baada ya palizi akawapanga uwanjani vivyo hivyo.

"Huu ni mstari wako. Omosa akipitwa, vuka umsaidie. Ukimaliza, rudi. Ukibaki huko unashangaa, nani atakulimia kwako?"

Kila wiki shamba la mmoja wao, kwa zamu, kisha mazoezi. Mimi nilicheka. Baada ya miezi mitatu niliacha. Bichage, yule mnene aliyekuwa akifumba macho kila alipopiga mpira, alianza kutoa pasi kabla hajaombwa. Wakifungwa, aliyekuwa karibu alisema kosa lake kwanza. Wazee wenzangu kanisani hawajalijua hilo bado.

Mwaka huu wakafika fainali. Wapinzani walikuwa wale wale wa Ndhiwa, kwao, Jumapili saa nane mchana.

Zamu ya wiki hiyo ilikuwa ya Bibi Rispa, mama mkongwe wa Kikuria anayemlea mjukuu wake Maroa, kipa wa timu. Mahindi yake yalikuwa yameingiliwa na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi. Lisipong'olewa kabla ya kumwaga mbegu, shamba limekwisha, la mwaka huu na la miaka mingine. Walipanga kwenda Ijumaa. Mvua ikanyesha kutwa. Jumamosi ni Sabato, na nusu ya timu ni Wasabato. Bibi Rispa akatuma neno: asipopata watu, Maroa hatoki shambani Jumapili.

Jua lilipozama Jumamosi walikutana uani kwa Dorah.

"Kochi, si tumweke Bichage golini tu," alisema Willis.

"Bichage akidaka, tuwabebee hao watu na soda kabisa," Omosa akamjibu.

"Heshimu mwili wangu, wewe," Bichage akasema, nao wakacheka. Maroa hakucheka. Alikuwa akitazama miguu yake.

"Ni mechi moja tu, kochi," Willis akaendelea. "Kwa nyanya tutaenda wiki ijayo."

"Kwenu tulilima lini, Willis?"

"Wiki ya kwanza."

"Maroa alikosa?"

Willis akatikisa kichwa.

Nikaingilia kati. "Dorah, mama, waache watoto walale. Fainali haiji kila mwaka."

Akanitazama bila hasira. "Mzee Nyangau, hata wewe?"



Jumapili saa kumi na mbili asubuhi walikuwa kwa Bibi Rispa. Wakatoliki waliikosa misa. Nilikwenda pia, na nyonga yangu hii, nikaketi ukingoni nikiyajaza yale magugu kwenye magunia ili yachomwe. Walimaliza saa tano, migongo imepinda kama ya wazee. Bibi Rispa aliwapa uji, kisha akamwambia Maroa neno moja: "Nenda."

Huko Ndhiwa watoto wetu walicheza vizuri kuliko nilivyowahi kuwaona. Watoto wakubwa wa pale, waliowafunga saba, walizungukazunguka wasipate mwanya. Maroa alidaka kila kitu. Lakini zikiwa zimebaki dakika sita Willis alianguka, misuli imekaza, Bichage akavuka kumzibia, akafika na hatua moja pungufu. Tukafungwa moja bila. Hakuna aliyemtukana mwenzake.

Nilikuwa na uchungu. Nilimwambia Dorah, "Miguu yao imebaki kwa Rispa."

"Najua, mzee," alisema. "Nimeiona ikiisha."

Hadi leo sijui kama alifanya vyema. Najua tu kwamba mwaka ule wa nyonga ningempa mtu ng'ombe kwa watoto kumi kama wale.

Sikurudi nao. Binti yangu alikuwa ameniita nikaishi kwake Homa Bay, kwa kuwa siwezi tena kujipikia, na nilikuwa nimeubeba mkoba wangu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuwaona. Walikuwa nyuma ya pikapu, matope ya shambani bado kwenye vifundo vya miguu, wamelaliana, wote usingizini isipokuwa Maroa, aliyekuwa ameweka mguu wa Willis mapajani mwake akiukanda. Dorah alikuwa mbele na dereva. Nilipunga mkono, lakini hakuna aliyekuwa akitazama nyuma.