Ubingwa wa Kupigiwa Kura

Mzee Mmarekani wa ghorofa ya sita alikuwa na donda moja tu maishani, na alinionyesha mimi, mlinzi wa mapokezi wa jengo lao kule Uarabuni, karibu kila asubuhi akisubiri teksi. Enzi zake alichezea chuo kikuu mpira wao ule wa kubeba mikononi. Msimu mmoja hawakufungwa hata mechi moja. Ubingwa wa nchi wakapewa wengine.

"Mlifungwa fainali, sir?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Fainali haikuwepo."

Alivyonieleza nilidhani ananitania. Bingwa alichaguliwa kwa kura. Waandishi wa magazeti walikuwa na orodha yao, makocha yao, na orodha zisipopatana nchi ilikuwa na mabingwa wawili. Kuna miaka kura zilipigwa kabla ya mechi za mwisho za Januari, kwa hiyo timu iliweza kuchapwa katika hizo na kubaki bingwa.

"Waliopiga kura hawakuwahi kutuona tukicheza," alisema. "Kila mmoja aliandika jina alilolisikia kwa mwenzake."

Machozi yalimlengalenga, mtu mzima mwenye nyumba mbili. Nilimhurumia kwa dhati, na hilo linaniuma mpaka leo.

Maana mwaka huo nasi tulikuwa na kura. Kampuni iliahidi tiketi ya ndege ya kwenda nyumbani na likizo ya mwezi mzima kwa mlinzi bora wa jengo, na wachaguaji walikuwa kamati ya wakazi. Mzee alikuwa mmoja wao. Tiketi ile niliitaka kwa roho yangu yote. Mama, huko Kitale, alikuwa akipoteza macho mwezi baada ya mwezi, na dada yangu alishaniambia kwenye simu, "Kama unataka akuone, kuja sasa." Miaka mitatu sikuwa nimekosa zamu hata moja. Moto wa jikoni ghorofa ya pili niliuzima mimi, peke yangu, kabla gari la zimamoto halijafika.

Tiketi ilikwenda kwa mlinzi wa lango la magari, jamaa mcheshi mwenye miezi saba kazini. Chumbani kwetu International City, mtaa tuliopanga wafanyakazi wa kigeni, Mtanzania wa kitanda cha juu aliniambia, "Khalas, yamekwisha, dada, usijipe presha." Nilimjibu vibaya na sikumwomba radhi.

Kesho yake nilimuuliza mzee alimchagua nani.

"Yule wa langoni," alisema, bila hata kusita. "Wote walisema ndiye atakayeshinda. Kwani na wewe ulikuwemo? Sikujua jina lako."

Jina langu lilikuwa kifuani, kwenye beji, miaka yote mitatu.

"Sawa, sir," nilisema, nikamfungulia mlango, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoandikiwa.

Nilifika nyumbani mkataba ulipoisha, mwaka na nusu baadaye. Mama alinipapasa paji la uso, mashavu, kidevu, akauliza kama nimenenepa.