Vidonge ni Vile Vile, Mbona Nguvu ni Zake

Leo nimejua kwa nini Mama Faith ananishinda, na sijafurahi.

Huyu ni jirani yangu hapa Shieywe. Sote wawili tuna baridi yabisi na upungufu wa damu, na siku ile ile daktari alitupa vidonge vya kuongeza damu, vya madini ya chuma. Vile vile kabisa.

Mimi bado nashika ukuta nikienda choo. Yeye magoti yanamuuma pia, lakini Jumapili anachezanga na kwaya mpaka kitambaa cha kichwa kinadondoka.

Ndiyo, namuonea wivu. Semeni mtakavyo.

Sasa leo nimeenda kwake makusudi, nimwone akimeza vyake. Akaniwekea chai ya maziwa na njugu. Nikatoa kidonge changu, nikakisukuma na chai.

Akaacha kumenya chungwa.

"Unamezanga na chai?"

"Kwani wewe unameza na nini?"

"Maji, na chungwa. Chai nangoja masaa mawili. Chai inazuia hiyo chuma kuingia kwa damu."

Jamani, nilikasirika. Miezi mitatu anajua, na amenyamaza tu?

"Mama Brayo," akasema polepole, "nilikuambia tukitoka kliniki. Ukanijibu nisikufundishe kumeza dawa."

Nikakumbuka. Hata sauti niliyotumia nikaikumbuka.

Nyinyi mngesema nini hapo? Mimi nilimaliza chai.

Nikitoka akanipa machungwa ya mti wake. Nimekula moja njiani.

Ni tamu sana. Hata hilo limeniuma.