Mtani Aliyedai Uji Kwenye Mdomo wa Duara

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alikufa, ng'ombe wakagawanywa na ndugu zake, na mimi nikatolewa darasa la pili kwenda kulea watoto wa watu. Naanzia hapo ili ujue nani anakuambia. Kutunga ni kazi ya waliosoma, mimi siwezi. Nasema nilichokiona saa saba mchana, jua la utosi, mbele ya watu zaidi ya arobaini. Wengi wao wako hai. Kawaulize.

Maana najua mtasema, haya, bibi naye ameota. Watu wengi mambo haya huwakuta usiku, wakiwa peke yao, na usiku macho hudanganya. Wangu alikuja mchana kweupe, akakaa kwenye benchi langu, akaniita mtani.

Nilianza kwa kuponda mawe kwa nyundo kwenye machimbo nje kidogo ya Kharumwa. Niliponda miaka kumi na minne. Kidole hiki cha kushoto hakikunjiki mpaka leo. Kisha nikanunua karasha langu la kwanza. Karasha, kwa usiyejua, ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Kelele zake ukiwa karibu huongei na mtu, unambwekea. Na vumbi lake ni jeupe, linaingia popote. Pale kwetu kila mtu ni mweupe kuanzia kope mpaka kucha, kama katoka kwenye gunia la unga wa sembe. Likumbuke vumbi hilo.

Nina watoto wawili, mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa ni mwanaume, alikuwa mchimbaji. Doto ni mwanamke, nilimsomesha kwa nyundo yangu mpaka kidato cha nne, akarudi kunisaidia kwenye karasha. Kila saa saba mchana tulizima injini ipoe. Wenye mawe wanasubiri zamu zao kibandani, mimi nawauzia uji, Doto anawasomea hadithi.

Hadithi zilitoka kwa mwandishi mmoja wa mtaa wa Kambarage, Shinyanga mjini, aliyeuza vijitabu vya kutoa kopi vilivyobanwa kwa pini mbili. Za kutisha. Yule bwana aliua watu jamani! Aliyeingia duarani, yaani shimo la wachimbaji, kwenye kitabu chake hakutoka, na akitoka, ametoka bila kichwa, anaomba kiberiti. Watu walizipenda. Niamini, wanaume waliolala na baruti chini ya kitanda walikuwa wanashikana mikono kwenye benchi langu.

Siku moja Doto akaja na kijitabu chembamba, hadithi moja tu. Mchimbaji anafukiwa na kifusi. Mkewe anakaa nje siku nne. Watu wote wanamwambia nenda nyumbani, haendi. Tukajua tu, sasa hivi linatoka zimwi. Masanja, msimamizi wa duara alilochimba Kulwa, mtu mnene mwenye sauti, alikuwa ameshapandisha miguu juu ya benchi. Doto akasoma: kifusi kikatikisika, mkono ukatokea, kichwa kikatokea, mtu akatoka mzima na vumbi lake, akamwambia mkewe nina njaa, akapewa uji.

Masanja akashusha miguu.

"Ndiyo mwisho?" akauliza Masanja.

"Ndiyo mwisho."

"Hebu geuza nyuma. Labda kuna karatasi imenasa."

"Hakuna, baba. Kanywa uji, kaenda kulala."

"Tumeibiwa!" Masanja akasimama. "Mimi nimenunua kitabu nitishwe, naletewa mgonjwa anakunywa uji! Mwandishi huyu kaishiwa."

Mama mmoja anayeosha dhahabu alikuwa anajifuta machozi kwa kitenge. "Wewe Masanja mpaka watu wafe ndiyo ushibe? Mbona mimi imeniingia? Wangu alifukiwa kule, hakuna aliyeniandikia hata ukurasa mmoja wa kutoka."

"Hadithi ya kweli haina huruma, mama."

"Nani kakuambia? Wewe kweli unaijua?"

Basi wakagawanyika pande mbili, kama Bagika na Bagalu, wacheza ngoma mahasimu, uwanjani, ilibaki mtu alete ngoma na nyoka. Wengine wanasema mwandishi wa kutisha akiandika tumaini ni kama fisi kufuga mbuzi. Wengine wanasema ndiyo maana inaaminika, huyu anajua kuua, na safari hii kaamua kuacha. Mwisho wakanigeukia mimi. "Mama Kulwa, wewe unasemaje?"

Nikawaambia nakubaliana na Masanja. Kabla sijamaliza, mtu aliyekaa mwisho wa benchi akaniuliza, "Mayu, mama yangu, ungekuwa wewe ndiye mwandishi, ungemalizaje?"

Sikuwa nimemwona akiingia. Mwembamba, koti kuukuu la kahawia, ndala miguuni. Na alikuwa safi. Koti safi, kope safi, vidole vya miguu vyeusi vinang'aa, wakati sisi sote ni weupe kama mizimu. Niliona, nikadhani ndiyo kwanza kashuka kwenye pikipiki.

Nikamjibu, "Ningemfukia. Siku ya nne humo ndani hakuna mtu, kuna nyama. Ningefukia, nikala, nikarudi kazini."

Akacheka mpaka akapiga goti. "Wewe Msukuma kweli! Mimi Mnyamwezi, mtani wako. Nyie mkikosa michembe, viazi vyenu vya kukausha, siku mbili mnalia, lakini mtoto wa watu siku ya nne mnamrushia udongo."

"Nyamaza, mpagazi," nikamwambia. "Umebeba mizigo ya watu tangu enzi za mababu, mpaka leo huna wako."

Kibanda kizima kikacheka. Naye akacheka. Akaomba uji, sufuria ilikuwa tupu.

"Si kitu," akasema. "Siku utakayofukia nitakuja kudai changu. Mtani hana haraka."

Akaondoka. Na mimi, kwa kiburi changu, nikaona mchana mzima umepotea kwa upuuzi wa karatasi. Nikamwambia Doto kuanzia kesho hakuna kuzima saa saba. Injini itapoa jioni.

"Mama, sasa watu watasoma saa ngapi?"

"Wakistaafu."

Nilikifuta kile kimya cha saa saba kwa mdomo wangu. Wiki tatu baadaye duara la Masanja likaanguka.

Walikuwemo watano. Wanne walitolewa saa ile ile. Wa tano alikuwa mbele kabisa, kwenye kona ya mwisho, na wa tano alikuwa Kulwa.

Walichimba siku tatu, usiku na mchana, na Masanja ndiye aliyechimba kuliko wote, hilo sitamnyima. Unajua mimi nilifanya nini? Nilisaga. Mawe ya watu yalikuwa yamepangwa, nikawasha karasha, nikasaga. Watu wakasema mama huyu ana moyo wa jiwe. Hawakujua. Karasha likinguruma sikujisikia nikilia. Likizimwa ningejisikia, na ningejisikia ningekufa pale pale. Kwa hiyo halikuzimwa hata dakika moja.

Siku ya nne mchana Masanja alikuja, macho yamemvimba. Akanibwekea sikioni kushinda mashine.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba. Sema."

"Ardhi inacheza. Jana imetaka kummeza mwingine. Wazee wamesema tuombe, tufukie, tuweke msalaba. Lakini wamesema neno liwe lako."

Nikasema, "Fukieni."

Nililisema mimi, mama mzazi. Sitalificha na wala sitalipamba.

Tukaenda. Watu wamejaa, wengine wameketi kwenye viroba vya mawe, mchungaji kafungua kitabu. Nikapewa beleshi nianze mimi. Nikalijaza udongo, nikalinyanyua, nikaangalia mdomo wa duara.

Alikuwa amekaa pale. Koti lile lile. Miguu kaining'iniza shimoni, anaitikisa kama mtoto juu ya ukuta.

"Mayu," akasema, "mbona hujaniita?"

Kwetu, kama hujui, mtani akikaa kwenye kaburi, kaburi halifukiwi mpaka apewe chake. Humsukumi, humpigi. Hata akilala ndani kabisa, unambembeleza. Ndiyo desturi, na watu wote pale waliijua. Masanja akatoa noti, akampa. Yule mtu akaikunja vizuri, akaichomeka nyuma ya sikio la Masanja.

"Hela ya Msukuma inanuka ng'ombe," akasema. "Nataka uji. Wa ulezi, wa moto. Na apike mfiwa mwenyewe."

Wengine wakanung'unika, jua kali, watu wamechoka. Hakujali. Akaweka kiganja sikioni. "Halafu huu ni msiba gani, mashine inalia kuliko wafiwa? Ni la nani karasha lile?"

Wote walikuwa wanaangalia chini.

"La kwangu," nikasema.

"Kalizime. Mtani hanywi uji penye kelele."

Nikaenda. Nikalizima kwa mkono wangu huu. Wenye makarasha mengine kilimani wakaona aibu, wakazima nao, moja, jingine, jingine, mpaka kilima chote kikanyamaza. Sikuwa nimesikia kimya cha mchana kama kile tangu nilipowakataza kusoma. Nikawasha kuni, nikakoroga uji, machozi yakaingia sufuriani, sikuyatoa.

Nikamletea bakuli la bati kwa mikono miwili, nimepiga goti. Hakunywa. Akaliweka ukingoni, akanyanyua kidole kimoja.

"Upoe kwanza," akasema.

Watu arobaini na zaidi wakakaa wanasubiri uji wa mtu mmoja upoe. Hakuna aliyekohoa.

Ko. Ko. Ko.

Nilidhani ni moyo wangu. Masanja akajitupa kifudifudi, sikio ardhini, tumbo lote vumbini. Ikaja tena. Ko. Ko. Ko. Chuma juu ya mwamba.

"Kuna mtu!" akalia. "Jamani kuna mtu! Yuko upande wa duara la zamani! Leteni matimba tuegemeze ukuta!"

Hata sikumbuki nani alikimbilia nini. Mchungaji alivua koti akashika sururu. Wakapitia duara la zamani lililoachwa, wakafuata mlio, wanaegemeza magogo huku wanatoboa, na jua lilipokuwa linaelekea kuzama wakamtoa mwanangu amekaa kwenye kiroba, mweupe mwili mzima, midomo imepasuka, hai. Doto akamfunga kanga machoni mwanga usimuumize. Kilima kizima kilipiga vigelegele. Wanaume walikuwa wanacheza bugobogobo bila ngoma, na majembe mikononi!

Kulwa akasema, "Mama, nina njaa. Hakuna uji?"

Nikaukimbilia ule ukingoni. Bakuli lilikuwa pale pale. Mwenye koti hakuwepo. Na pale alipokaa, vumbi jeupe lilikuwa nene kama blanketi, halina alama ya makalio, halina alama ya mkono, halina kitu. Nyayo zangu na alama za magoti yangu zilikuwepo. Zake hazikuwepo. Nikalinyanyua bakuli, likaniunguza vidole. Niliupika saa saba, ikawa jioni, na uji ule ulikuwa unatoa moshi. Nani ataniambia hilo ni nini?

Nilikuwa sijamwambia mtu kitu. Kulwa alipokunywa mpaka chini akaanza mwenyewe. Akauliza, yule Mnyamwezi ametoka?

"Mnyamwezi gani?"

"Nilikuwa naye ndani. Sikumwona, giza, lakini kanitukana siku zote. Nikisinzia ananiambia, amka, Msukuma mvivu, gonga. Nikamwambia nimegonga hawasikii. Akasema, mama yako anasaga, atazima, gonga. Kanichokoza mpaka nikashikwa hasira, nikawa nagonga nimnyamazishe."

Masanja alizimia. Mnene vile, tukambeba watu sita.

Baada ya wiki Doto alikisoma kile kijitabu upya, saa saba, injini imezimwa. Mabishano yakaanza upya, ila pande zilikuwa zimebadilika. Masanja sasa anasema hadithi ile ndiyo inayotisha kuliko zote. Mama muosha dhahabu anasema haitishi, wewe ndiye mwoga. Mimi nilifunga safari mpaka Kambarage kumtafuta mwandishi, nikidhani naye amemwona mwenye koti. Hakumwona. Ni kijana mpole anayefuga kanga uani. Nilipomuuliza kwa nini hakumuua mtu wake akasema, "Nilichoka kuua, mama." Basi. Nikampa jogoo. Akaomba akiandike kisa changu, nikamkatalia, nikamwambia wewe yako umeshaandika, hii ni yangu.

Tangu siku ile, nje ya kisa hiki, lile neno la kufukia silitamki, hata shambani. Wenzangu wanafukia mbegu, mimi nafunika, watoto wa jirani wananicheka. Na kila saa saba makarasha yangu yote yanazimwa. Wateja wapya hulalamika, nawaambia wapeleke mawe kwingine, hawapeleki. Doto anasoma. Namimina bakuli moja zaidi, naliweka mwisho wa benchi. Hajaja tena, wala simwiti.

Wewe unayenisikiliza, nakuonya, na mimi sionyi mara mbili. Usimmalizie hadithi mtu ambaye hujamwona amekufa. Na mtani akikukalia njiani wakati una haraka na uchungu wako, usimpe hela akuondokee. Zima kelele zako, umpikie.

Leo nina makarasha matatu. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma Kharumwa, vyumba tisa, na nyingine ya kupangisha Maganzo, barabarani. Nina ng'ombe thelathini na saba, mbuzi sijawahesabu, trekta moja zima na moja bovu. Nina bakuli la bati, haliuzwi. Na nina Kulwa na Doto, wote wawili.