Kitambaa Kando ya Mita

Cyprian ni fundi bomba, anakaa Sydenham, na katika Wabongo wote wa Durban hakuna anayemshinda kwa neno "kesho". Kazi anaijua, hilo hatumnyimi. Maji yakikatika siku tatu kisha yakarudi, huja na mchanga na magamba ya kutu, yakajazana kwenye chujio karibu na mita, na bomba la jikoni likabaki kudondosha machozi. Cyprian hufunga koki, huchomoa chujio, huliosha, hulirudisha. Nusu saa tu. Lakini kumpata sasa!

Bi Marwa, mjane wa Kitanga aliyekaa Chatsworth, alimngoja mwezi mzima. Kila alipopiga simu alijibiwa, "Shikamoo mama. Kesho asubuhi, bila kukosa." Kesho ikifika, Cyprian yuko Berea kwenye maghorofa, na Bi Marwa anabeba ndoo kutoka kwa jirani.

Jumanne asubuhi alipiga simu Lulu, bintiye.

"Fundi, mama ametutoka. Ameanguka mlangoni, ndoo mkononi. Tunataka kumwosha hapa nyumbani, na bomba halitoi kitu, eish! Aliniusia nisimwoshe kwa maji ya kuomba. Alisema ameomba vya kutosha."

"Nakuja," alisema Cyprian, na safari hii alikwenda.

Mita ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la bafu. Juu ya zege palikuwa na kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara nne. Alikisukuma pembeni, akapiga magoti, akaguna kwa maumivu. Chujio lilikuwa limeziba kabisa. Alilisugua kwa mswaki, akaliacha bomba liteme maji ya kahawia mpaka yakatakata, akalirudisha chujio, akafungua koki polepole.

Dirishani alisikia maji yakiangukia beseni kwa nguvu, na wanawake wakianza kumwosha Bi Marwa. Ahadi ni deni, na yake ameilipa mbele ya maiti. Aliona aibu mpaka akatamani zege limmeze.

Lulu alitoka kumshukuru. Akakiona kile kitambaa.

"Mbona hukukitumia? Si chako? Kila uliposema unakuja, mama alikitandika hapo tangu alfajiri. Tangu ulipokuja mara ya kwanza alikuwa akisema fundi wake ana magoti mabaya, zege litamuumiza."

Cyprian alikusanya spana zake, akaondoka bila kuaga.

Siku hizi akiitwa asubuhi, adhuhuri amefika. Lakini popote anapopiga magoti kando ya mita, Berea au Sydenham, huhisi mkono ukimtandikia kitu chini ya magoti. Hunong'ona, "Shikamoo mama," na hathubutu kutazama chini.