Maji ya Stesheni ya Njiapanda

Siku niliyoripoti kazini, Stesheni Masta hakunipeleka ofisini. Alinizungusha nje ya jengo, akigonga kuta kwa fimbo yake. "Kwanza ijue nyumba," akasema, "kazi utaijua baadaye."

Ilikuwa stesheni ya njiapanda, nyikani kaskazini ya Kinango, ambako reli ya tawi ilichepuka kwenda mashamba ya katani. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe, nene dhiraa nzima, yaliyoletwa kwa mabehewa kutoka pwani. Nguzo za baraza zilikuwa vipande vya reli kuukuu vilivyosimamishwa. Mvua iliyonyesha juu ya lile paa pana la mabati iliteremka kwa mifereji hadi kwenye birika kubwa chini ya sakafu. Maji hayo yalikuwa ya injini za mvuke.

Mimi nilikuwa mtu wa pointi, yaani vile vyuma vinavyosogezwa kwa wenzo ili treni ishike njia yake. Ukikosea, umeua watu. Niliipenda kazi ile.

Zilipokuja injini za dizeli, birika likabaki limejaa, lakini amri haikubadilika: maji ni ya reli. Kisha mvua zikakatika misimu miwili. Asubuhi moja wanawake wa bondeni wakaja na madebe matupu, wakiongozwa na mfugaji mmoja, Bibi Umazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe wamekwisha. Sasa zamu ni yetu."

Stesheni Masta alikuwa amekwenda kukagua reli ya tawi. Nilijua nitafukuzwa. Nikafungua mfuniko.

Aliporudi adhuhuri, foleni ilikuwa imefika kwenye pointi.

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna, bwana. Injini hazinywi tena."

Alikuwa amebakiwa na miezi michache tu astaafu. Akavua kofia yake ya kazi, akashika kamba ya ndoo. "Nenda kwenye pointi, treni ya mizigo inakuja. Hapa nitavuta mimi."

Makao makuu yalipouliza, alijibu kwamba amri ilikuwa yake. Wakamwachisha kazi kabla ya wakati wake. Mimi nikahamishwa tu.

Alipofariki kwake Ukunda, miaka mingi baadaye, lilifika lori kutoka Kinango limejaa wanawake. Waliuliza mjane yuko wapi, wakaketi naye mkekani siku tatu.

Sasa nimestaafu, niko Msambweni, na stesheni ile imefungwa. Nami nilipanda hadi nikawa Stesheni Masta. Natumaini nilitumika vyema. Lakini mtihani kama ule haukunifika, na hadi leo sijui kama ningefanya alivyofanya yeye.