Neno Linalofuata "Nadhani"

Nilikuwa darasa la saba mama yangu alipoteleza kibanjani kwetu Ihembe, katika shamba letu la migomba, mkungu wa ndizi kichwani, akavunjika mguu juu kidogo ya goti. Fundi wa kuunga mifupa alimfunga vijiti na kamba za mgomba, na mfupa ukaunga. Lakini mama hakuinuka. Miezi ikapita akiwa ameketi mlangoni, akimenya ndizi na kuwaonyesha wa nyumbani kwa kidole mahali pa kupalilia.

Mimi nilikuwa nasoma bweni, Nyakasimbi. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu wa Muleba, mwembamba, mwenye kaptula iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe. Muhula ule alitukazania jambo moja tu. Alisema Mwingereza akishatamka "I think", yaani nadhani, usikimbilie kuitikia. Ngoja neno linalofuata, maana hilo ndilo linaloonyesha nadhani yake ina uzito gani. Akiweka "will", anaamini jambo litakuwa. Akiweka "may", huenda likawa. Akiweka "might", ni huenda iliyopungua nguvu. "Should" ni kwamba inafaa, na "must" ni lazima.

Kila asubuhi tulisimama mmoja mmoja kutoa sentensi za kwetu nyumbani, si za kitabuni. Wengine walidhani huenda mvua ikanyesha, wengine walidhani baba zao watavuna kahawa. Zamu yangu ilipofika nikasema, "I think my mother may can walk."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Binti, hayo maneno mawili hayakai kiti kimoja. Chagua moja."

Sikuweza kuchagua. Moja lilisema huenda mama atatembea, jingine lilisema anaweza kutembea, nami sikujua lipi lilikuwa kweli. Nilisimama pale nikitazama ubao mpaka machozi yakanitoka. Mwalimu akaniambia niketi, na kipindi kilipokwisha akaniita nje.

"Mama yako ana nini?"

Nikamweleza. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Jumamosi daktari anakuja kwenye zahanati ya misheni. Watumie ndugu zako ujumbe wamlete. Ruhusa yako nitakuombea mimi."

Baba mdogo na jirani zetu walimleta mama kwa machela. Tukakuta dresa wa zahanati, yule mfunga vidonda, ambaye siku zote ndiye aliyemtafsiria daktari, amekwenda msibani kwao. Daktari alikuwa mama wa Kiingereza mwenye mvi, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "pole" na "fungua mdomo". Akauliza kwa ishara nani anajua Kiingereza. Baba mdogo akanisukuma mbele. "Huyu hapa anasoma!"

Daktari aliubonyeza mguu, akaukunja, akaunyoosha. Mama aliuma meno bila kutoa sauti. Kisha daktari akanitazama, akasema polepole, "I think she might walk again. But I think she must start today."

Nilisikia kila neno. Lakini nilipogeuka nikamkuta mama ameukazia macho mdomo wangu, kama mtu mwenye kiu anayetazama mtungi. Nikamwambia kwa Kinyambo, lugha yetu, ambamo mama huitwa mawe, "Mawe, anasema utatembea."

Mama akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Baba mdogo akapiga makofi. Daktari naye akatabasamu, akidhani nimesema aliyoyasema yeye.

Hapakuwa na mtu wa kunikamata. Lakini niliwaza: akijaribu akashindwa, atamwona daktari mwongo, na hatajaribu tena. Na uwongo ulikuwa wangu.

"Mawe, nisamehe," nikasema. "Nimeongeza. Hakusema utatembea. Amesema huenda, tena huenda yenyewe ni ya mbali kidogo."

Makofi ya baba mdogo yakakoma. Mama akaishusha kanga taratibu.

"Huenda?"

"Ndiyo, mawe."

"Hakusema hapana?"

"Hakusema."

"Basi. Kule nyumbani wote wamekwisha kuniambia hapana." Akajifuta macho. "Na nini tena amesema?"

"Amesema ni lazima uanze leo."

"Leo hii?"

"Neno lake ni lazima. Hilo sikuliongeza."

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile ya mkungu. "Nishikeni basi," akasema.

Baba mdogo akamshika kwapa moja, mimi jingine. Akasimama. Mguu ulitetemeka hata nikausikia mtetemo wake begani mwangu. Akapiga hatua moja, akapiga ya pili, na ya tatu ikamshinda, akaketi sakafuni jasho likimtiririka. Daktari akachuchumaa mbele yake, akamwonyesha jinsi ya kuukunja na kuunyoosha mguu kila asubuhi na kila jioni. Alipotaka kuondoka, mama akamshika mkono, akamshukuru kwa Kinyambo bila kunisubiri nitafsiri.

Jumatatu nilimweleza mwalimu yote, hata lile kosa langu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Wengi wangeliacha hivyo hivyo," akanipa chaki, akaniambia niandike ubaoni sentensi zile mbili za daktari. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kupona hakukuja haraka. Kahawa ilipoanza kuiva mama alikuwa akifika kwenye migomba ya kwanza tu, kwa magongo aliyochongewa na baba mdogo. Ulipofika msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, alibakiwa na fimbo moja. Kuchechemea hakukumwacha, wala hakubeba tena mkungu kichwani.

Likizo iliyofuata alinitangazia kwamba anakwenda Rugu kumwona dada yake, ambaye hakuwa ameonana naye tangu avunjike mguu. Jirani akajitolea kumpakia kwenye baiskeli. Mama akakataa. Tulitoka alfajiri, yeye na mimi, tukipumzika kila alipotaka, tukalala njiani kwa watu wa kanisani kwetu. Kesho yake mchana tulimkuta mama mkubwa shambani, ameinama kwenye maharage.

"Hodi huko!" mama akaita. "Shikamoo, dada!"

Mama mkubwa akainua kichwa, akatazama kwanza miguu, kisha uso. Akaacha jembe lianguke, akaja mbio akikanyaga maharage yake mwenyewe.